Mchezo wa Vifuu na Mchezo wa Simu

Leo tuzungumze juu ya michezo ya watoto.

Mwana akililia simu, wengi wetu humpa ili tumalize kupika. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo: mtoto aliye chini ya miaka 2 asiwekwe mbele ya simu wala televisheni, wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa 1 kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi.

Aliye mkubwa, tazama anacheza nini. Si kila mchezo wa simu, au wa kile kibanda cha PlayStation mtaani, ni wa bunduki. Iko ya kulima shamba, kupanga nyumba na kutembelea majirani. Mwaka 2020, wakati wa Korona, mchezo wa Kijapani wa aina hiyo, Animal Crossing: New Horizons, ulichezwa na mamilioni ya watu waliojifungia majumbani. Nami najiuliza, huo si ule wetu wa kupika kwa vifuu vya nazi? Mchanga ndio wali, majani ya mwarobaini ndio mchicha, mmoja baba, mmoja mama, mwingine mgeni ametoka Lamu. Tena hauli chaji.

Na mchezo huo, mama, husimulia mambo. Tuseme binti yako wa miaka 5 anampiga mwanasesere wake wa kitambaa akisema, "Nyamaza, nitakuacha!" Usimkaripie. Kaa naye mkekani, shika kifuu, sema, "Hodi, mimi jirani. Mtoto analilia nini?" Kisha nyamaza umsikilize. Huenda maneno hayo aliyasikia skuli, au kwa jirani, au, tuseme kweli, kwako wewe juzi ulipokuwa umechoka. Mtoto wa umri huo huona tabu kusema "nina huzuni". Husema kupitia mwanasesere. Ikiwa maneno ni yako, mwombe radhi mwanasesere yule mbele yake. Dakika 10 zatosha, mchuzi ukiwa jikoni.

Lakini akirudia mchezo wa kuumizwa siku nyingi, akaanza kukojoa kitandani ilhali alikwisha kuacha, au akamwogopa mtu fulani, usingoje. Mpeleke kituo cha afya kilicho karibu, au piga 116, simu ya msaada kwa watoto hapa Kenya. Hailipishwi, mchana na usiku.