Barabara Haifupiki: Somo la Matairi Makubwa

Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya wajumbe wa kamati za miradi za sharika



Nimepewa mada ya utunzaji wa magari ya miradi. Naomba nianze kwa kuungama, kwa sababu kosa nitakalolieleza lilipita mezani kwangu na sahihi yangu ipo.

Mnaifahamu pikapu yetu, Toyota Hilux ya milango minne, inayopeleka mabomba na saruji kwenye mradi wa maji na kurudi na wagonjwa. Mwaka 2023, kabla ya masika, matairi yake yalikuwa yamekwisha. Usharika rafiki ulikuwa umetuma fedha za kununua mapya. Baadhi yetu tulikuwa tumeona picha za Ford Ranger Raptor, ile pikapu ya mbio za nyikani iliyozinduliwa mwaka 2018, ikiruka matuta kwa matairi mapana. Tukasema, gari letu nalo linapanda milima yenye matope, kwa nini lisivae viatu kama hivyo? Tukatoa matairi ya 265/65R17, tukafunga ya 285/70R17, ukubwa uleule wa Raptor. Gari likapendeza, likapigwa picha, na picha ikatumwa kwa wafadhili.

Baada ya miezi miwili, taarifa ya mafuta ililetwa kwenye kamati. Safari ya kwenda mradi wa maji na kurudi ilikuwa ikitumia lita 24 za dizeli. Sasa ilikuwa inatumia lita 26, na kilometa zilizoandikwa zilikuwa zimepungua. Hapo awali gari lilikwenda karibu kilometa 8.9 kwa lita, na sasa 7.7 tu. Wajumbe wakatazamana. Hakuna aliyetamka neno wizi, lakini dereva wetu akaambiwa apumzike. Kwa wiki tatu alikaa nyumbani, na watu mtaani kwake wakajua sababu kabla yake.

Aliyemwokoa ni mama mhazini wetu, mwalimu mstaafu wa hesabu. Aliomba daftari la safari la mwaka uliotangulia na la mwaka ule, akayafungua ubavu kwa ubavu. Safari ileile, kwa njia ileile, zamani iliandikwa kilometa 214. Sasa iliandikwa 200. Akauliza, "Ndugu zangu, barabara imefupika lini?"

Barabara haifupiki. Kilichobadilika ni kipimo.

Tuzisome namba za tairi. Katika 265/65R17, 265 ni upana wa tairi kwa milimita. 65 ni asilimia: kimo cha ubavu wa tairi ni asilimia 65 ya upana huo. 17 ni kipenyo cha ringi kwa inchi. Ukikokotoa, tairi la zamani lina kipenyo cha milimita 776, na la 285/70R17 lina milimita 831. Tofauti ni milimita 55, yaani asilimia 7. Gari halipimi barabara kwa utepe, linahesabu mizunguko. Tairi kubwa likizunguka mara moja linafika mbali zaidi, lakini dashibodi inaendelea kuhesabu kana kwamba tairi ni lile la zamani. Kilometa 214 zikawa 200.

Kwa hiyo lita 26 zilikwenda kilometa 214 za kweli, sawa na kilometa 8.2 kwa lita. Dizeli iliongezeka kweli, kwa kuwa matairi yale ni mazito na mapana zaidi. Lakini sehemu kubwa ya ule upungufu uliotutisha ilitokana na hesabu au na uzito wa mpira. Haikuwa mikono ya dereva.

Mambo mengine tuliyagundua baadaye. Mshale wa mwendo ukisoma 80, gari lilikuwa linakwenda karibu kilometa 6 kwa saa zaidi ya lilivyokwenda kwa matairi ya zamani. Matengenezo ya kila kilometa 5,000 yalikuwa yanachelewa kwa kilometa 350. Mlimani gari lilikosa nguvu, ni kama gia zote zimekuwa nyepesi mno. Kwenye mteremko breki zilihitaji mguu mzito, kwa sababu breki ni zilezile na gurudumu limekua. Likiwa na mzigo wa saruji, ukikata kona tairi lilikwaruza madigadi. Na faida? Gari liliinuka nusu ya tofauti ya kipenyo, kiasi cha sentimita 2.7.

Turudi kwa ile Raptor. Waliyoitengeneza hawakubadilisha matairi peke yake. Walitanua nafasi kati ya magurudumu ya kushoto na kulia kwa milimita 150, wakabadilisha springi na shokapu, wakaweka breki za diski nyuma. Na pamoja na hayo yote, inabeba mzigo mdogo kuliko Ranger za kawaida za kazi, ambazo hubeba kama tani moja. Imeundwa kwa mwendo kasi, nasi tuliiga viatu vyake ili tubebe saruji.

Ndugu wajumbe, kabla ya kuidhinisha matairi, naomba kila kamati izingatie haya:

1. Ukubwa unaotakiwa umeandikwa kwenye kibandiko cha gari, kwa kawaida mlangoni kwa dereva. Anzeni hapo.

2. Tazameni namba ya mzigo. Namba 112 maana yake tairi moja linabeba kilo 1,120. Msinunue lenye namba pungufu kwa kuwa ni rahisi.

3. Tazameni tarehe. Tarakimu 2319 ubavuni maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019.

4. Kwa gari linalovuta kwa magurudumu yote manne, matairi yote yawe ya ukubwa mmoja. Mawili makubwa na mawili madogo huvunja gia. Tairi la akiba nalo lifanane.

5. Mkibadilisha ukubwa kwa sababu yoyote, andikeni tarehe kwenye daftari la safari na mpime upya njia mnayoifahamu.

Sisi tulirudi kwenye 265/65R17, safari hii yenye meno makubwa ya matope. Masika iliyofuata gari lilipita. Shida yetu ilikuwa meno, haikuwa kimo.

Kwa wafadhili wetu tulituma taarifa iliyosahihishwa, kilometa kwa kilometa. Ninawaomba nanyi, mnapotoa fedha za matairi, tuulizeni namba. Swali hilo halituvunjii heshima.

Na dereva wetu tulimwita mbele ya kamati ileile. Niliomba radhi mimi kwanza, halafu mwenyekiti. Alilipwa posho za safari alizozikosa. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mratibu, mimi niliwaambia gari limekuwa zito. Mkaandika kwamba ninalalamika."

Mithali sura ya 11 inaanza na habari ya mizani ya hila. Nilizoea kuisoma nikiwafikiria wafanyabiashara sokoni. Siku hizi naisoma nikiikumbuka dashibodi ya gari la kanisa, na mtu mwaminifu aliyekaa nyumbani wiki tatu kwa sababu sisi hatukupima kipimo chetu.