Dirisha na Saa Yake: Joto la Nyumba za Mlimani



Ukipanda kutoka Mombo hadi Soni, ukashika njia ya kuja huku Bumbuli, unaziona nyumba mpya zenye madirisha mapana ya alumini, ya kusukuma, sawa na yale ya Dar es Salaam. Yanaleta mwanga, nami nayapenda. Ila baridi ya Julai ya Usambara haikufikiriwa. Leo nataka tulitazame pazia kama chombo cha nishati, na nitadai kwamba faida yake iko zaidi kwenye saa ya kulifunga na kulifungua kuliko kwenye mota ya kulivuta.

Chukua dirisha la mita 1.5 kwa 1.2. Kioo kimoja hupitisha takriban wati 5.7 kwa kila mita ya mraba, kwa kila nyuzi moja ya tofauti ya joto. Ndani kukiwa na nyuzi 20 na nje 12, dirisha hilo linavujisha wati 80 hivi. Alfajiri utakuta matone yameteremka kwenye kioo yakajaa kwenye reli ya fremu. Pazia la lesi halisaidii kitu. Hata pazia zito, juu likiwa wazi, hewa ya chumbani hupenya nyuma yake, ikagusa kioo, ikapoa, ikazama na kutokea chini, miguuni pa mtoto anayejisomea. Fundi akipigilia kibao juu ya fimbo ya pazia, na kitambaa kikagusa sakafu, mzunguko huo unakatika. Gharama ni ubao na misumari.

Asubuhi mambo yanageuka. Dirisha hilohilo likitazama mashariki, jua la saa mbili lisilo na wingu huingiza wati mia kadhaa bila malipo. Kulifunika wakati huo ni kulifukuza joto. Tanga mjini ni kinyume: dirisha la magharibi hufunikwa alasiri, tena kwa nje, kabla jua halijapita kioo. Mji Mkongwe wa Unguja una madirisha ya ghorofani yenye mbao za luva kwa sababu hiyo.

Sasa mota. Ulaya, ambako jua la Desemba na la Juni hupishana kwa saa kadhaa, mitambo hii inahitaji programu nyingi. Sisi tuko karibu nyuzi 5 kusini mwa Ikweta. Saa ya jua kuchomoza haihami hata kwa saa nzima mwaka mzima. Taima ya bei nafuu ingetosha, isipokuwa kwamba taima haiuoni ukungu. Itafungua saa moja asubuhi huku kioo bado kinavuja joto. Hapo ndipo sensa ya mwanga inapostahili bei yake.

Na umeme wake? Mota ya wati 120 ikizunguka dakika moja kwa siku inatumia wati-saa 2. Kipokezi cha rimoti kinachokesha kikisubiri amri, hata kikila nusu wati tu, kinamaliza wati-saa 12. Kusubiri kunakula umeme wa LUKU mara sita ya kazi yenyewe! Muulizeni muuzaji swali hilo kabla ya kulipa.

Ndugu zangu, nyumba nyingi za huku hazipashwi joto kwa umeme. Jioni jiko la mkaa huingizwa chumbani, milango ikafungwa. Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayoua watu wakiwa usingizini. Kwa hiyo mimi sihesabu uniti tu; nahesabu kila usiku ambao jiko limebaki nje kwa kuwa chumba kimehifadhi joto lake.

Kwenye nyumba yenye vijana, mikono inatosha. Mota ningeipeleka kwanza wodini, ambako muuguzi mmoja ana madirisha mengi, na kwa bibi anayeishi peke yake asiyefikia dirisha la nyuma ya kitanda. Na iwe na mpini wa kuzungushia, maana umeme ukikatika usiku wa baridi, pazia lazima bado lifungike.