Mfanyabiashara Amwambie Nini Mteja Mambo Yanapoharibika?



Nimeombwa nizungumzie mawasiliano na wateja wakati wa misukosuko. Nitaanza na Kariakoo, maana wengi wetu humu ama tunauza pale ama tunanunua pale.

Jumatatu ya Mei 15, 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka, wakilalamikia kodi na namna zinavyokusanywa. Siku mbili baadaye Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akakutana nao Mnazi Mmoja. Hayo yaliandikwa sana. Habari ya mteja haikuandikwa sana. Kariakoo haiuzii Dar es Salaam peke yake. Mzigo wake unakwenda Mbeya, Mwanza, Malawi, Zambia mpaka Lubumbashi. Mfikirie mwenye duka la nguo Tunduma aliyepanda basi siku moja kabla, akashuka na hela zake kiunoni na kukuta mageti yamefungwa. Nauli, chakula na gesti vinaanza kula mtaji kabla hajanunua hata doti moja.

Mteja huyo alihitaji mistari miwili tu kutoka kwa muuzaji wake: “Leo tumefunga, kesho bado hatujui. Vitenge vyako ulivyolipia vipo stoo, usisafiri mpaka nikupigie.” Redio isingeweza kumpa habari hiyo, wala gazeti. Mwenye vitenge peke yake ndiye aliyekuwa nayo.

Hoja yangu ndiyo hiyo. Wa kumwambia mteja kwamba hali ni mbaya ni wengi. Wewe mwambie kile ambacho, usipomwambia wewe, hatakipata kwingine. Kama huna, kaa kimya.

Tumezoea kinyume chake. Mwaka 2020, korona ilipoingia, simu zetu zilijaa jumbe za aina moja: katika kipindi hiki kigumu tupo pamoja nawe, afya yako ni kipaumbele chetu. Ondoa jina la benki, weka la kiwanda cha soda, hakuna atakayeshtuka. Sasa chukueni tangazo la Safaricom la Machi 16 mwaka huo, siku tatu tu baada ya Kenya kutangaza mgonjwa wake wa kwanza: kutumiana hadi shilingi 1,000 za Kenya kwa M-Pesa ni bure, kwa siku 90. Kiasi kimetajwa, muda umetajwa. Mama mboga wa soko la Gikomba hakuhitaji kuambiwa kwamba anapendwa. Alijua namna ya kupokea hela bila kushika noti. Mtasema Safaricom ni kubwa, ina uwezo wa kutoa bure. Kweli. Lakini kuandika kitu kikaeleweka hakugharimu chochote.

Wenzetu wa utalii waliumia zaidi. Watalii walioingia Tanzania walishuka kutoka takriban milioni 1.5 mwaka 2019 hadi 620,000 hivi mwaka 2020. Mgeni aliyekwishalipa malipo ya awali ya safari ya Serengeti au chumba cha Nungwi alikuwa na swali moja: hela yangu iko wapi? Kumtumia picha ya machweo na maneno “tutaonana tena” ni kumkimbia. Kama hela imeshakwenda kwenye mishahara na huwezi kuirudisha, mwandikie hivyo: haiwezekani kurudisha sasa, safari yako inabaki halali hadi tarehe fulani, na ukimpa mtu mwingine nafasi hiyo tutampokea. Atakasirika. Lakini atakuwa amekasirika akiwa na jibu mkononi, na mtu wa namna hiyo bado unaweza kuzungumza naye.

Kupandisha bei ndiko kunakotushinda zaidi. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipotikisa soko la mafuta, petroli Dar es Salaam ilipita shilingi 3,000 kwa lita, na kila kitu kinachosafirishwa kwa lori kikafuata. Wengi wetu tulibadilisha bei usiku, mteja akaikuta kaunta asubuhi. Mamlaka ya udhibiti wa nishati, EWURA, hutangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Watu wananung’unika, ila siku wanaijua, na dereva wa bodaboda anajaza tenki Jumanne. Mpe na mteja wako Jumanne yake: “Kuanzia Jumatatu mfuko wa unga wa kilo 25 utaongezeka shilingi 1,500, kwa sababu nauli ya lori imepanda. Oda zilizolipwa kabla ya hapo zinabaki bei ya zamani.” Msiongeze kitu hapo, hasa neno “samahani” mara tatu.

Msiba una taratibu zake. Ghorofa lilipoporomoka Kariakoo Novemba 16, 2024, watu wakiwa bado chini ya kifusi, matangazo ya punguzo la bei hayakuwa na mahali pa kukaa. Wengi siku hizi hupanga matangazo yajitume yenyewe wiki nzima. Programu haijui kama kuna msiba. Awepo mtu mmoja dukani ambaye kazi yake ni kuyazima, na ajue nywila. Na rambirambi, kama hamkupoteza mtu wala hamna cha kuchangia, zipelekeni kwa miguu.

La mwisho ni la vitendo. Oktoba 29, 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilizimwa nchini, ikarudi baada ya siku kadhaa. Mwenye wateja wake wote ndani ya kundi la WhatsApp alibaki bila mteja hata mmoja wa kumfikia. Kwa hiyo naomba, kabla ya kikao cha mchana, kila mshiriki afungue simu yake na aandike kwenye daftari namba za wateja wake 20 wanaonunua zaidi, pamoja na mji wanakotoka. Daftari hilo likae dukani, siyo nyumbani.