Banda la Mbuzi Wakati wa Mvua na Baridi

Hotuba iliyosomwa mbele ya wazee na wanachama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka



Huenda baadhi yenu mtashangaa kwamba katika mkutano uliokwisha kusikia habari za ada, mazishi na karo za watoto, mtu asimama kuzungumza juu ya mbuzi. Lakini kila aliye hapa ajua ya kuwa kwetu Taita mbuzi ni akiba ya mjane, na mara nyingi ndiye karo yenyewe. Tena katika maboma mengi yuko mbuzi mmoja au wawili wasio wa kuuzwa wala wa kuchinjwa, ndio mbuzi wa watoto, waliopewa majina na wajao wakiitwa. Hao nao wana haki ya kulala pakavu.

Nayasema haya kwa kuwa yamenipata. Usiku mmoja wa mvua za vuli, mbuzi wetu alizaa mapacha hali amefungwa chini ya upenu wa ghala. Mimi nililala, nikijua kwamba yuko chini ya paa, nikaona yatosha. Kumbe mvua ilikuwa ikisukumwa na upepo, ikiingia kwa ubavu. Asubuhi binti yangu aliwakuta wale wana-mbuzi wawili wamekufa, manyoya yao yangali yamelowa, na mama yao akiwalamba. Aliniuliza kwa nini sikuwawekea ukuta. Sikuwa na jibu, maana fito zilikuwapo nyuma ya nyumba tangu mwezi uliotangulia.

Yatupasa kwanza kujua ni kitu gani kimwuacho mbuzi. Baridi kavu haimdhuru sana mbuzi mzima aliyeshiba. Joto la mwili wake, akiwa na afya, ni kama nyuzi 39, naye hulihifadhi kwa nguvu ya chakula acheuacho. Lakini manyoya yake si kama sufu ya kondoo yenye mafuta. Maji hupenya upesi hata ngozini, na mafuta yake mengi yamo tumboni, si chini ya ngozi. Kwa hiyo akilowa, kisha upepo ukampiga, joto humtoka kwa haraka. Ndiyo sababu mbuzi hukimbia mvua mapema kuliko wanyama wengine. Aliyekonda ndiye wa kwanza kuanguka. Katika ukame wa mwaka 2020 hadi 2022, sehemu nyingi za kaskazini na mashariki ya Kenya zilikosa mvua za kutosha misimu mitano mfululizo. Na wafugaji wa nyika wajua vema kwamba mnyama aliyeokoka na njaa aweza kufa usiku wa mvua ya kwanza.

Basi banda la mbuzi halihitaji kuwa na joto kama chumba cha mtu. Lahitaji mambo matatu tu, yaani ukavu, kinga ya upepo, na hewa safi. Hilo la tatu ndilo tulisahaulo. Wengi wetu, kwa huruma, huwafungia mbuzi jikoni au katika chumba kisicho na dirisha. Humo moshi, mvuke na harufu ya mkojo huwaumiza mapafu, wakapata kikohozi. Mwenye banda na aingie alfajiri, achutame mpaka kichwa chake kiwe sawa na cha mbuzi, avute pumzi. Macho yakimchoma, banda hilo halifai.

Kwa vilima vyetu, kuanzia Wundanyi hadi miteremko ya Vuria, ukungu na manyunyu ya kipupwe huletwa na upepo wa kusi. Kwa hiyo kuta za upande wa kusi na mashariki na zizibwe kabisa, kwa mbao au kwa fito zilizokandikwa udongo. Kuta nyingine ziachwe wazi sehemu ya juu, karibu na paa, hewa ipite juu ya migongo ya mbuzi. Paa, liwe la nyasi au la mabati, litokeze nusu mita nje ya ukuta. Na upande wa mlimani uchimbwe mfereji wa kugeuza maji.

Sakafu na iwe kichanja, kimo cha nusu mita hadi mita moja kutoka chini. Fito zinyooke, na kati ya ufito na ufito iachwe nafasi ya sentimita moja na nusu hivi. Nafasi ikizidi, mguu wa mwana-mbuzi hunasa. Ikipungua, mavi hayaanguki. Mbuzi alalaye juu ya kichanja kikavu huokoka na kuoza kwato, na samadi iliyo chini yake huenda shambani. Kila mbuzi mzima apewe mita moja na nusu ya mraba. Hivyo banda la mita tatu kwa mbili latosha mbuzi wanne. Hori la majani liwe chini ya paa, maana mbuzi hukataa chakula kilichokanyagwa.

Mwana-mbuzi azaliwapo, akaushwe kwa gunia, alazwe penye nyasi kavu, na anyonye dang'a katika saa ya kwanza. Tena mimba ya mbuzi ni miezi mitano. Atakayemtenga beberu na kumrudisha mwezi wa Agosti atapata wana-mbuzi mwezi wa Januari, wakati wa ukavu, nao watakuwa wamepata nguvu masika yaingiapo.

Hata hivyo, nisiwadanganye kwamba banda huzuia kila ugonjwa. Ile homa ya mapafu ya kuambukiza, ambayo vijidudu vyake vilitambuliwa kwa mara ya kwanza humu Kenya mwaka 1976, yataka chanjo; na mbuzi mgeni atengwe majuma matatu kabla ya kuchanganywa na wenzake.

Sasa nafikia ombi langu. Chama chetu hutoa fedha mtu akifiwa, na hilo ni jema. Lakini mjane tuliyemzikia mumewe hubaki na mbuzi watatu na paa livujalo. Naomba mkutano ukubali kwamba kila mwaka, kabla ya masika, tujenge mabanda kwa wale wasioweza. Sisi tulioko mjini tutoe misumari na mabati. Walioko nyumbani wakate fito. Na wazee watuchagulie maboma ya kuanza, kwa kuwa wao ndio wajuao ni nyumba ipi haina mtu wa kupanda juu ya paa. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kwa upande wangu, banda langu nimekwisha kulijenga, ingawa nilichelewa. Fito zilizobaki nazitoa kwa kazi hii, pamoja na mikono yangu.