Baada ya Kushuka Mlimani

Mazungumzo ya asubuhi redioni. Masomo: Zaburi 121, Luka 9:28-43

Popote ulipo asubuhi hii, jikoni, kitandani hospitalini, au ndani ya gari ukielekea kazini, karibu tukae pamoja kwa dakika hizi chache.

Sisi tunaokaa Kipevu hatuna mlima. Ukiinua macho hapa kwetu waona kreni za bandari, matangi ya mafuta, makontena yaliyopangwa kama matofali, na ng'ambo ya maji kisiwa cha Mombasa. Ni mahali pa kazi, na mtu huzoea kutazama chini, mahali anapokanyaga. Basi akina mama wa kanisa letu na vijana wakaniambia, "Mchungaji, kila siku twasoma Zaburi ya milima. Tupeleke basi tukaione." Tukachanga nauli, tukakodi basi dogo, na Jumamosi moja ya mwezi wa Agosti tukaondoka saa kumi na moja alfajiri kwenda milima ya Taita.

Wengi wenu mwaijua njia hiyo. Mariakani, Samburu, Taru, Mackinnon Road, Maungu: nchi ya vichaka vikavu na vumbi jekundu, yapata kilomita 150 hadi Voi. Mwaka 1847 mmisionari Johannes Rebmann alitoka Rabai akaivuka nyika hii kwa miguu mpaka Kasigau, mlima wa Wataita. Mwaka uliofuata alipita tena Taita akielekea Uchagani, na tarehe 11 Mei 1848 akaiona theluji ya Kilimanjaro. Walakini hakujiendea peke yake. Palikuwa na kiongozi wa msafara, Bwana Kheri, aliyeijua njia na watu wake. Nasi pia tulipewa kiongozi. Pale Mwatate, karibu na mashamba ya mkonge, alipanda garini mzee mmoja, mwalimu mstaafu, mwenye koti zito na fimbo. Tulimcheka kwa lile koti. Baada ya saa moja hatukucheka tena.

Kutoka Mwatate barabara hupanda kwa kona, kona juu ya kona. Vumbi jekundu likabaki chini, na rangi zikaanza kugeuka. Majabali ya kijivu yamesimama wima juu ya vijiji. Chini yake mna matuta yaliyochongwa mlimani kama ngazi: tuta la kabichi, rangi yake karibu na samawati, tuta la mahindi yaliyokauka, manjano, tuta lililolimwa jana, udongo mwekundu mbichi. Katikati mna migomba, mibati inayong'aa, na mifereji midogo ya maji ambayo wakulima hufunguliana kwa zamu. Mama mmoja wetu, ambaye hununua mboga sokoni Kongowea kila juma, akasema, "Kumbe nyanya zangu zina kwao!"

Tulipita Wundanyi, tukapanda mpaka Vuria, kilele kirefu kuliko vyote vya Taita, mita 2,208 juu ya bahari. Ukungu ulikuwa umetanda, na upepo ukapita ndani ya leso na kanzu zetu za pwani kana kwamba hatukuvaa kitu. Kisha ukungu ukapasuka. Tukaona nyika yote ya Tsavo chini yetu, kahawia na zambarau, imenyooka mpaka macho yakachoka. Mwalimu akatuonyesha kwa fimbo upande iliko Kilimanjaro, ambayo huonekana siku ya anga safi, na upande iliko Mzima, chemchemi ambayo maji yake yanaletwa Mombasa kwa bomba tangu miaka ya 1950. Akatueleza pia habari za msitu. Alisema milima hii ni mwanzo wa safu ya kale inayoshuka hadi kusini mwa Tanzania, na kwamba katika vipande vya msitu vilivyobaki, Ngangao na Mbololo, wamo ndege wasioonekana mahali pengine popote duniani. Vijana wakapiga picha. Akina mama wakaimba. Mimi nikasimama nikasema moyoni, "Bwana, laiti ningalikaa hapa."

Lakini nataka mjue jambo moja juu ya kiongozi wetu. Sisi tulipokuwa tukionyeshana mandhari, yeye alikuwa akionyesha nyumba. "Pale ni kwa mjane mmoja, mtoto wake yuko Likoni. Nyumba ile ya mlango wa kijani haina mtu, wote wameteremka Mombasa. Hawa nao kijana wao yuko Changamwe." Kila tuliyekutana naye njiani alimsalimu kwa jina. Alitupeleka pia karibu na pango moja la mafuvu. Zamani, kabla ya Injili kuenea, Wataita walimzika mzee, na baada ya muda wakalitoa fuvu lake na kuliweka pangoni pamoja na wazee wa ukoo wake. Vijana waliogopa. Mwalimu akasema kwa upole, "Sisi tumeiacha desturi hii, tunamwamini Kristo. Lakini wazee wetu walikuwa na jambo jema hapa. Walijua wako wangapi. Hakuna aliyepotea wasimtafute."

Neno hilo lilinipita kama upepo. Sikujua kwamba kabla ya jioni lingenirudia.

Tulikula kimanga katika kijiji kimoja upande wa chini, chakula cha maharagwe na mihogo iliyopondwa, cha moto, na baridi ile tukaona ni karamu. Tulipokuwa tukipanda basi kurudi, alikuja mama mmoja mzee, anatembea upesi, mkononi ana mfuko mdogo wa maharagwe. Aliuliza, "Mchungaji wa Kipevu ni yupi?" Nikajitokeza. Akanishika mikono miwili, akasema, "Mwanangu, mimi nina kijana wangu huko huko kwenu. Husali kanisa lenu. Simu yake haiingii tangu mwaka jana. Je, wamjua?" Akanitajia jina.

Wapenzi wasikilizaji, nilimjua. Nilimjua mara ile ile. Alikuwa akiketi benchi la nyuma, ibada ya pili, na sauti yake nzito ilisaidia sana wimbo ukianza kulegea. Alifanya kazi na kampuni moja ya malori. Tangu mwaka 2018 makontena yalipoanza kuchukuliwa na reli mpya kwenda bara, kazi za malori zilipungua hapa kwetu, na kampuni yake ikapunguza watu, naye akawa mmoja wao. Alikuja kanisani kwa muda, kisha akaja mara moja moja, kisha nafasi yake ikawa wazi. Nami niliiona nafasi ile. Jumapili baada ya Jumapili niliiona nikiwa madhabahuni, nikajiambia, "Juma hili nitamtembelea." Miezi ikapita kumi na moja.

Sasa mama yake amenishika mikono. Nikisema namjua, ataniuliza hali yake, na mimi sina la kujibu. Basi nikamwambia, "Mama, Mombasa ni kubwa. Simjui."

Hakubishana nami. Akaniwekea ule mfuko mkononi, akasema, "Haya. Ukimwona, mpe. Mwambie hatumdai kitu. Mwambie aje hata mikono mitupu."

Gari likashuka. Nyuma yangu watu waliimba, nami nimeketi mbele na maharagwe mapajani. Tulipomteremsha mwalimu pale Mwatate, alinisogelea dirishani, akasema polepole, "Mchungaji, yule mama husimama barabarani kila lipitapo gari la Mombasa." Hakusema neno jingine. Sijui kama alinitambua. Nadhani alinitambua.

Ndugu zangu, fungueni Luka sura ya 9. Bwana Yesu aliwachukua Petro, Yohana na Yakobo, akapanda nao mlimani kuomba. Huko wakamwona amegeuka sura, mavazi yake yakimetameta, na Musa na Eliya wakizungumza naye. Petro akafurahi kupita kiasi. Akataka kujenga vibanda vitatu, wakae pale pale. Luka anasema wazi kwamba Petro hakujua alisemalo. Kwa maana kesho yake walishuka, na chini ya mlima palikuwa na baba mmoja analia kwa ajili ya mtoto wake, mtoto wa pekee, anayeteswa na pepo. Wanafunzi waliobaki chini walishindwa kumsaidia. Lakini Bwana hakukaa katika ule utukufu. Alishuka, akasema, "Mleteni," akamponya, akamrudisha kwa baba yake.

Angalieni mwisho wa habari ile. Mlimani Petro alisikia sauti kutoka katika wingu. Chini ya mlima aliona mtoto akirudishwa kwa mzazi. Vyote viwili ni kazi ya Bwana mmoja. Lakini Petro alipenda kile cha kwanza, kama mimi pale Vuria. Na ni Petro yule yule ambaye baadaye, usiku, penye moto uani kwa kuhani mkuu, aliulizwa juu ya Rafiki yake akajibu kwamba hamjui. Nilipokuwa nikisoma haya chuoni nilimwona Petro kuwa mtu dhaifu. Usiku ule, basi lilipoingia Kipevu na taa za bandari zikaonekana, nilijua kwamba aliyeketi katika kiti changu ni Petro.

Jumatatu nilikwenda. Haikuwa kazi kubwa kumpata, na hilo ndilo lililoniaibisha zaidi. Niliuliza watu watatu tu. Anakaa chumba cha nyuma katika nyumba moja ya Changamwe, dakika ishirini kwa miguu kutoka kanisani. Nilimkuta akisukuma mkokoteni wa maji, mitungi kumi na miwili, akiuza nyumba kwa nyumba. Aliponiona alitaka kupita. Nikamwambia, "Nimetoka kwenu."

Tulikaa juu ya mkokoteni. Nikampa mfuko. Akaufungua, akaingiza mkono ndani ya maharagwe, akautuliza humo muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Ulimwambia mama kwamba wanijua?" Wapenzi, ningeweza kuikwepa hata hapo. Nikasema, "Nilimwambia sikujui. Nisamehe, ndugu yangu. Niliona aibu kwa sababu sikukutafuta." Akanitazama, akasema, "Mimi nami niliona aibu kwa sababu sina cha kupeleka." Tukawa wawili, kila mmoja na aibu yake, katikati yetu maharagwe ya mama.

Nikampa simu yangu. Mama alipojua ni sauti ya nani hakuuliza kazi wala fedha. Aliuliza, "Umekula?" Mimi nikaondoka kando.

Leo ninapozungumza hajapanda bado kwenda kwao. Amesema atakwenda Krismasi, na ameniruhusu niseme habari hii bila jina lake. Jumapili iliyopita aliketi benchi la nyuma. Nami nilimpigia mama yule, nikatubu kwake pia. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mchungaji, nilijua. Uso wako ulisema. Ndiyo maana nikakupa mfuko." Mama yule alimpa mzigo mtu aliyekwisha kumwambia uongo, akamwamini atafika nao. Je, si ndivyo Bwana alivyofanya na Petro, alipomkabidhi kondoo zake?

Zaburi ya 121 humwonyesha msafiri akiitazama milima na kuuliza msaada wake utatoka wapi. Jibu lake ni kwamba msaada hutoka kwa Bwana aliyezifanya mbingu na nchi, asiyesinzia wala kulala. Milima ya Taita ni mizuri, na ninawasihi, mkipata nafasi, pandeni mkaione na kumtukuza aliyeiumba. Lakini aliyeiumba anajua pia nani amekosekana katika kila nyumba ya mlimani na katika kila benchi la kanisa. Msaada wake mara nyingi hutumwa kwa mkono wa mtu, na huenda mkono huo ni wako.

Kwa hiyo, mpendwa msikilizaji, nakuomba jambo moja dogo. Kabla ya jua kutua leo, mfikirie mtu mmoja ambaye nafasi yake umeiona wazi: kanisani, kazini, au mezani pako. Usiseme, "Mombasa ni kubwa." Uliza watu watatu. Nenda. Na kama wewe ndiwe uliyejificha kwa sababu mikono yako ni mitupu, sikia neno la mama yule: hakuna anayekudai. Piga simu nyumbani.

Tuombe. Ee Bwana Yesu, uliyepanda mlimani kwa Baba yako ukashuka kwetu tunaolia, tusamehe mara tulizosema hatumjui ndugu yetu. Walinde wazazi wanaosimama njiani wakingoja. Warudishe walio mbali, na utupe miguu ya kuwaendea. Kwa jina lako tunaomba. Amina.

Kwaherini, wapenzi, na Mungu awabariki.