Serikali inapouliza, na raia anapojibu

Mwishoni mwa mwezi Agosti mwaka 2012, halmashauri ya Haringey, kaskazini mwa London, ilianza kupeleka barua kwenye nyumba zipatazo 36,000. Haringey ndiyo yenye mtaa wa Tottenham, ambao jina lake ni maarufu kwa wapenzi wa soka duniani kote. Barua hizo zilikwenda kwa wakazi wenye kipato kidogo, waliokuwa wakisaidiwa kulipa kodi ya halmashauri, yaani kodi ambayo kila kaya hutozwa kwa ajili ya huduma za mtaa kama kuzoa taka na kuwatunza wazee. Ziliwaomba watoe maoni kuhusu mpango mpya ambao ungepunguza msaada huo.

Miaka miwili baadaye, barua hiyo ilikuwa mbele ya majaji watano wa Mahakama ya Juu ya Uingereza. Swali lililowakabili lilikuwa jepesi kulitamka lakini zito kulijibu. Serikali inapomwomba raia maoni yake, inawajibika kumweleza nini?

Utaratibu wa kukusanya maoni ya umma kabla ya kuweka kanuni mpya ni jambo la kawaida nchini Uingereza. Wizara inayokusudia kubadili sheria, kupandisha ada au kuanzisha masharti mapya hutoa waraka wenye maelezo ya pendekezo lake, orodha ya maswali, na siku ya mwisho ya kupokea majibu. Pendekezo likiwa bado changa, waraka huo mara nyingi huitwa Waraka wa Kijani. Serikali ikishaamua inachotaka, hutoa Waraka Mweupe. Mtu binafsi, chama cha wafanyakazi, kampuni, kanisa au msikiti, kila mmoja ana nafasi ya kuandika. Muda ukiisha, maofisa huyasoma majibu na kuyapanga kwa hoja zake, kisha wizara huchapisha taarifa inayoeleza yaliyosemwa na hatua itakayochukuliwa.

Mwezi Novemba mwaka 2000 serikali ya Tony Blair ilitoa mwongozo uliozitaka wizara ziwape wananchi muda usiopungua wiki 12 wa kujibu. Mwezi Julai mwaka 2012 serikali ya mseto ya David Cameron iliuondoa mwongozo huo na kuweka mwingine, unaosema kwamba muda ulingane na uzito wa jambo lenyewe. Wakosoaji walinung'unika kwamba jambo zito lingeweza kupewa wiki chache tu. Hata hivyo, miongozo hiyo si sheria. Kinga kubwa ya raia imetoka kwa majaji.

Chimbuko la kinga hiyo ni mtaa mwingine wa London, yaani Brent, ulipo uwanja wa Wembley, na ambako familia nyingi zenye asili ya Bara Hindi zilizotoka Afrika Mashariki zilipata makazi. Mwaka 1985 wazazi waliishitaki halmashauri ya Brent kuhusu mpango wake wa kufunga na kuunganisha shule. Wakili Stephen Sedley, ambaye baadaye alikuja kuwa jaji, alitoa hoja nne, na mahakama ikazikubali. Kwanza, maoni yaombwe wakati pendekezo bado linaweza kubadilika. Pili, anayeomba maoni atoe sababu za kutosha, ili anayejibu aweze kulitafakari jambo na kujibu kwa akili. Tatu, muda uwe wa kutosha. Nne, majibu yazingatiwe kwa moyo safi kabla ya uamuzi kufikiwa. Hoja hizo nne zimekuwa kipimo ambacho mashauriano ya umma hupimwa nacho nchini Uingereza hadi leo.

Kwa kipimo hicho ndipo barua ya Haringey ilipopimwa. Kabla ya mwaka 2013, msaada wa kodi ya halmashauri ulikuwa mpango wa taifa zima, na mtu mwenye kipato cha chini kabisa aliweza kusamehewa kodi yote. Serikali kuu ikaufuta mpango huo kuanzia mwezi Aprili mwaka 2013, ikaitaka kila halmashauri itunge mpango wake, na papo hapo ikapunguza fedha za kuugharimia kwa kiasi cha asilimia 10. Wastaafu walilindwa kwa kanuni ya kitaifa. Kwa hiyo mzigo wote ungewaangukia watu wasiofikia umri wa kustaafu, wakiwamo kina mama wanaolea watoto peke yao. Sheria iliitaka halmashauri ichapishe rasimu ya mpango wake na iwaulize wale ambao ungewagusa.

Haringey iliwauliza. Barua ilieleza kwamba serikali kuu imepunguza fedha, na kwamba kwa sababu hiyo msaada utapungua kwa kila mpokeaji asiye mstaafu. Kisha ikauliza maswali kuhusu namna ya kuupunguza. Mtu aliyeisoma angeelewa kwamba njia ni moja tu, na kwamba kilichobaki ni kuchagua jinsi ya kuipita. Kumbe njia nyingine zilikuwapo. Halmashauri ingeweza kuipandisha kodi yenyewe, ingeweza kupunguza gharama za huduma nyingine, au kuchota katika akiba yake. Baadhi ya halmashauri nchini zilichagua kulibeba pengo hilo zenyewe. Haringey ilikuwa na sababu zake za kuzikataa njia hizo, na huenda zilikuwa sababu nzuri. Lakini sababu hizo hazikuwamo katika barua, wala njia zenyewe hazikutajwa.

Tarehe 29 Oktoba mwaka 2014 majaji wote watano walikubaliana kwamba mashauriano hayo hayakuwa halali. Hukumu ya msingi iliandikwa na Jaji Wilson. Alikumbusha kwamba walioulizwa walikuwa miongoni mwa wakazi maskini kuliko wote wa Haringey, watu ambao kipato chao tayari kilikuwa kile cha kukidhi mahitaji ya lazima tu. Mtu anayetaka kuondolewa kitu alicho nacho anastahili haki kubwa zaidi ya kuelezwa. Mkaguzi wa hesabu au diwani anaweza kujua bila kuambiwa kwamba halmashauri ina akiba. Mama anayehesabu senti za umeme hana namna ya kulijua hilo, na asipolijua hawezi kuuliza kwa nini akiba hiyo isitumike. Ataandika tu kwamba hali yake ni ngumu, na jibu lake litawekwa katika fungu la malalamiko.

Hapo ndipo ulipo uzito wa hukumu ya Haringey. Mahakama haikusema kwamba halmashauri lazima ifuate maoni ya wengi, wala haikuitaka iorodheshe kila wazo lililowahi kupita vichwani mwa maofisa wake. Ilisema kwamba, katika mazingira kama yale, haki inadai watu waelezwe kwa ufupi njia nyingine zilizofikiriwa na sababu za kuziacha.

Hata hivyo, ushindi huo haukurudisha fedha mifukoni mwa wakazi. Mahakama ilitoa tamko kwamba sheria ilikiukwa, lakini haikuiamuru Haringey irudie mashauriano, kwa kuwa iliona amri kama hiyo isingekuwa ya kadiri. Mtu anaweza kuuliza basi: faida iko wapi?

Swali hilo lilikuwa limeshajitokeza. Mwezi Februari mwaka 2007 shirika la Greenpeace liliishinda serikali katika Mahakama Kuu kuhusu vinu vipya vya nyuklia. Serikali ilikuwa imeahidi mwaka 2003 kwamba ingewashauri wananchi kwa ukamilifu kabla ya kuviruhusu, na jaji aliona kwamba mashauriano ya mwaka 2006 yalikuwa na kasoro kubwa. Serikali ikaanza upya, ikakusanya maoni kwa miezi kadhaa, na mwezi Januari mwaka 2008 ikatangaza uamuzi ule ule. Waliokuwa na shaka walisema kwamba kilichobadilika ni makaratasi tu.

Lakini upo mfano ulio kinyume, na unawahusu wasafiri wa treni. Mwezi Julai mwaka 2023 makampuni ya reli ya Uingereza yalipendekeza kufunga madirisha mengi ya kukatia tiketi katika vituo. Mwanzoni wananchi walipewa siku 21 tu. Watu wenye ulemavu walilalamika kwamba muda huo hautoshi, wengine wakatishia kwenda mahakamani, na siku ya mwisho ikasogezwa hadi tarehe 1 Septemba. Majibu zaidi ya 750,000 yalipokelewa na mashirika mawili ya kuwatetea abiria, mojawapo likiwa lile la London. Waandikaji wengi walieleza mambo ambayo hayaonekani katika mahesabu: asiyeona anayehitaji kuongozwa hadi kwenye behewa, mzee asiyetumia simu ya kisasa, msafiri mwenye noti mkononi badala ya kadi. Mashirika hayo yaliyapinga mapendekezo, na tarehe 31 Oktoba mwaka 2023 serikali ikayataka makampuni yayaondoe. Madirisha yakabaki.

Kati ya mifano hiyo lipo swali ambalo nchi mbalimbali zimelijibu kwa namna tofauti: je, aliyeomba maoni analazimika kueleza kwa nini ameyakataa? Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1946 inazitaka idara za serikali zitangaze rasimu za kanuni na kupokea maoni, na mahakama zimeshikilia kwamba hoja nzito haziwezi kupuuzwa bila kujibiwa. Wamarekani wamekwenda mbali hadi kwenye fomu zenyewe. Chini ya sheria ya mwaka 1980 ya kupunguza makaratasi, iliyorekebishwa mwaka 1995, idara inayotaka kuwajazisha fomu watu 10 au zaidi kwa kawaida hutangaza kwanza, ikasubiri maoni kwa siku 60, kisha kwa siku 30 nyingine, kabla ya fomu hiyo kuidhinishwa.

Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010 inautaja ushirikishwaji wa wananchi katika ibara ya 10 kuwa miongoni mwa maadili ya taifa, na ibara ya 118 inalitaka Bunge liwashirikishe wananchi katika kazi zake. Tarehe 31 Julai mwaka 2024 Mahakama ya Rufaa ilibatilisha Sheria ya Fedha ya mwaka 2023, ikisema, pamoja na mengine, kwamba Bunge lilipaswa kueleza kwa nini lilikubali au kukataa maoni liliyopewa. Mahakama ya Juu ya Kenya ikautengua uamuzi huo tarehe 29 Oktoba mwaka 2024, miaka kumi kamili tangu hukumu ya Haringey. Ilisema kwamba Bunge halina wajibu huo wa kutoa sababu.

Uamuzi huo ulitolewa miezi minne baada ya vijana wa Kenya kuandamana kuupinga mswada wa fedha wa mwaka 2024, wakaingia hadi ndani ya majengo ya Bunge, na watu wakapoteza maisha. Mswada huo pia ulikuwa umepitia vikao vya kupokea maoni. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Watu wakiamini kwamba wanaulizwa kwa ajili ya kutimiza desturi tu, huacha kuandika, na wanaotawala huweza kukidhani kimya hicho kuwa ni ridhaa.

Kwa Waswahili waishio Uingereza, jambo hili liko karibu nao. Tarehe 20 Novemba mwaka 2025 Wizara ya Mambo ya Ndani ilifungua mashauriano kuhusu ukaazi wa kudumu, siku ya mwisho ikiwa tarehe 12 Februari mwaka 2026. Ilipendekeza kwamba muda wa kawaida wa kungoja uongezwe kutoka miaka 5 hadi 10, na kwa wafanyakazi wengi wa kazi za mishahara midogo, wakiwamo wanaowahudumia wazee na wagonjwa, hadi miaka 15. Miongoni mwa yaliyoulizwa ni kama wale walioko nchini tayari wawekewe utaratibu wa mpito. Kwa mtu aliyebakiza mwaka mmoja kutimiza mitano, jibu la swali hilo ni maisha yake na ya watoto wake.

Jibu lenye uzito halihitaji Kiingereza cha mawakili. Linaeleza ni nani anayeandika na pendekezo litamgusa vipi, kwa tarehe na kwa kiasi cha fedha. Linajibu swali lililoulizwa, kisha linataja lile ambalo halikuulizwa. Barua elfu moja zilizonakiliwa kutoka karatasi moja huonyesha hasira, na hasira nayo ina nafasi yake. Lakini barua moja yenye jambo ambalo maofisa hawakulijua inaweza kumlazimisha waziri kulijibu, na ikiwa hakulijibu, jaji anaweza kuuliza kwa nini.

Kwa hiyo msikilizaji anayepokea waraka wa serikali, awe London, Mombasa au Minneapolis, anayo haki ya kuusoma kwa jicho la majaji wa Haringey. Jambo la kwanza la kutafuta ni kama uamuzi bado haujafikiwa. La pili ni zile njia nyingine: zilikuwa zipi, na kwa nini zimeachwa? Ikiwa waraka hauzitaji, mahali pa kuanzia jibu ni hapo.