Milima ya Taita kwa Plaiwudi: Tabaka Moja, Mita 60



Ramani ya karatasi huwashinda wengi kusoma. Mlima wa mbao ukiwekwa mezani, mzee huinama, akautafuta mto anaoujua, kisha akapanda kwa kidole hadi bomani kwake. Ndiyo sababu mfano huu hufaa kabla ya kuamua bomba la maji lipite wapi, au ni chini ya mteremko gani nyumba zisijengwe.

Vipimo vya vimo ni bure. Februari 2000 chombo cha anga cha Endeavour kilipima sehemu kubwa ya dunia kwa rada kwa siku 11, na matokeo yako kwenye intaneti. Programu ya QGIS, isiyolipiwa pia, huyageuza kuwa mistari ya kontua. Kila mstari ni ukingo wa kipande kimoja cha mbao.

Hesabu huanzia kwenye unene wa mbao. Kwa plaiwudi ya milimita 3 na kipimo cha 1 kwa 20,000, kila tabaka ni mita 60. Kutoka mita 600, upande wa tambarare, hadi kilele cha Vuria chenye mita 2,208, ni matabaka 27, kimo cha sentimita 8 hivi. Eneo la kilomita 20 kwa 20 huenea kwenye meza ya mita 1 kwa 1.

Mafundi wengine huona sentimita 8 ni kidogo, wakazidisha kimo mara mbili ili mlima upendeze. Kwa pambo la ofisini, sawa. Kwa baraza la kuamua makazi, huko ni kupotosha watu: mteremko unaopanda mita 30 kwa kila mita 100 utaonekana kupanda 60, na wananchi watabishana juu ya mlima usiokuwepo.

Mashine ya leza hukata upesi, lakini msumeno mwembamba wa mkono unatosha. Kila kipande kichorwe mistari miwili: wa kukata, na wa nukta unaoonyesha tabaka la juu yake litakaa wapi. Gundi ikiteleza milimita 5, mto umehama mita 100. Namba ziandikwe nyuma mapema. Vipande vya vilele hufanana mno.

Kuna yasiyojulikana na kompyuta. Penye msitu mnene rada ilipima karibu na vilele vya miti, na vipimo vimepishana mita 30 hivi, kwa hiyo korongo jembamba halionekani kabisa. Huko Nessuit, Nakuru, mwaka 2006, Waogiek walijenga mfano wa matabaka wa sehemu ya msitu wa Mau, na wazee ndio waliotaja majina ya mahali. Basi rangi isipakwe hadi wazee wa kila kijiji wauzunguke mfano, na korongo walilolionyesha lichimbwe kwa patasi.